Magurudumu Yaliyoshuka Kahama

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwetu Mhunze anataka habari za Geita, na kila mmoja nimemsimulia kipande. Mama Neema amepata habari za matope, mashemeji wamepata za mchezo, na mchungaji amepata zile ambazo mama yangu aliona zinamfaa. Sasa naandika zote mara moja. Naanza na mwisho, asiwepo wa kusoma huku moyo unamdunda: nimerudi salama, ngozi yangu ni nzima, sina kidonda hata kimoja. Wanaoyajua maradhi ya mgongo wataelewa kwa nini nimelitaja hilo kabla ya matokeo ya mchezo.

Kwa wasionijua, mimi ni Kabula, mama Sayi. Miaka sita iliyopita nilianguka kutoka juu ya lori la pamba, mgongo ukavunjika, na kuanzia kiunoni kwenda chini sisikii kitu. Mwaka wa kwanza nilikaa tu. Kule kukaa kukanizalia kidonda makalioni, na kidonda kikanilaza kifudifudi miezi saba. Sayi alijifunza kusoma akiwa amekaa sakafuni mbele ya uso wangu, maana huko ndiko nilikokuwa nikitazama. Nilipopona, muuguzi mmoja akanielekeza kwenye kikundi cha Shinyanga mjini kinachocheza mpira wa kikapu kwa viti vya magurudumu. Nilikwenda ili nipate nguvu za mikono. Nikabaki kwa sababu nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka uchovu wa mtu aliyefanya kazi, nalala usingizi mmoja hadi asubuhi.

Mhunze hadi Shinyanga

Kikundi kizima ni wachezaji watano, na uwanjani wanatakiwa watano. Hatuna wa akiba. Wenzetu watatu walitangulia Alhamisi kwa pikapu pamoja na mizigo. Mimi nilichelewa kwa sababu Sayi alikuwa na homa, na Mwalimu Luhende akakubali kunisubiri mjini ili nisisafiri peke yangu. Mchezo ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi.

Ijumaa alfajiri homa ya Sayi ilikuwa imeshuka, lakini mama yangu alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Umbali wote huo umekaa, Kabula. Umesahau ile miezi saba?"

"Sijasahau, mayu. Ndiyo maana nafanya mazoezi."

"Mazoezi hayazibi kidonda."

Aliniwekea michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga kwenye mfuko, akanifungia mto wangu wa kukalia kwa kamba mbili, kana kwamba ungetoroka, akanisindikiza hadi kwenye gari. Njia nzima hadi Shinyanga niliyatazama mashamba ya pamba nikifikiri kwamba huenda yuko sahihi.

Shinyanga hadi Kahama

Mwalimu Luhende alifundisha hesabu maisha yake yote, kisha akaanguka kutoka juu ya paa la nyumba yake akikaza bati. Anazungumza na kila mtu kama anayezungumza na darasa la nne. Nilimkuta stendi, shati limepigwa pasi, kofia ya pama kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa dakika kumi na mbili."

Viti vyetu vya kila siku tuliviacha kwa rafiki pale mjini, tukasafiri na viti vya mchezo. Hivi magurudumu yake yamelala, juu yamekaribiana na chini yametanuka, na ukikitazama kiti kwa mbele kinaonekana kama jogoo aliyetanua mbawa. Kwa upana huo haviingii kwenye buti la basi mpaka uyachomoe magurudumu. Mwalimu aliyachomoa yote manne, akayafunga pamoja kwa ukanda wa mpira wa tyubu, konda akayasukumia ndani kati ya mizigo ya watu.

Simu ya Mwalimu imetegwa ilie kila baada ya nusu saa. Ikilia, sisi wawili tunashika viti, tunajiinua kwa mikono, makalio yakae hewani kwa muda, kisha tunashuka. Hiyo ndiyo kinga yetu. Mtu mwenye miguu hujigeuzageuza bila kujua; sisi lazima tukumbuke. Ilipolia mara ya pili tukiwa tumeshapita Tinde, mama mmoja wa kiti cha nyuma alishindwa kuvumilia.

"Samahani, Mzee. Hiyo ni dini gani?"

"Dini gani?"

"Naona kengele ikilia mnapaa kidogo, halafu mnatulia."

Mwalimu alimweleza kwa utulivu, na damu inavyopita na kila kitu, hadi yule mama akataka kujua kama inafaa kwa mtu anayeumwa kiuno. Kengele iliyofuata ilipolia, nusu ya basi walijiinua pamoja nasi. Konda aligeuka akatutazama.

Stendi ya Kahama

Kahama tulitakiwa kubadili gari. Watu wawili walitushusha, wakatuweka kwenye mkeka wa muuza vitenge, kisha konda akatoa viti vyetu kwenye buti. Vilitoka bila magurudumu.

Alitafuta hadi akaingia mwenyewe ndani ya buti, miguu ikabaki nje. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Mama, kuna mtu alishuka pale mwanzo wa mji na mzigo wa magurudumu ya baiskeli. Yalikuwa mengi. Nadhani nilimpa na yenu."

Kiti bila magurudumu ni bomba na kitambaa tu. Nilikaa pale chini, watu wanatukwepa kwa mizigo na matroli, nikajiona nimerudi mwaka ule wa kwanza. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyumbani. Nilimpigia kapteni wetu, Dada Minza, aliyekuwa ameshafika Geita.

"Kabula, tukiwa watatu hawaturuhusu kuingia," alisema. "Mnakuja au hamji? Niambie ukweli ili niwaambie wenyeji mapema."

Nilimtazama Mwalimu. Nilitaka aseme yeye, tena nilitaka aseme turudi. Aliichukua simu mkononi mwangu.

"Minza, tunakuja. Tuna tatizo dogo la usafiri."

Akakata. Nikamwambia kwamba hilo si tatizo dogo, kwamba hatuna hata namna ya kufika chooni, na kwamba mama yangu aliona mbele kuliko sisi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza? Basi jiinue. Nusu saa imefika."

Wakati tunajiinua, mama mmoja aliyevaa vizuri alipita, akadondosha noti kwenye kofia ya Mwalimu, ambayo alikuwa ameivua kwa ajili ya joto. Mwalimu alimwita.

"Mama, umeangusha hela."

"Hapana, Mzee, ni yako."

"Mimi sijapoteza kitu chochote isipokuwa magurudumu. Ukiyaona, hayo ndiyo yangu."

Yule mama aliona aibu, lakini hakuondoka. Aliuliza magurudumu gani, Mwalimu akamweleza, na kumbe alikuwa na duka la nguo jirani na safu ya mafundi baiskeli sokoni. Alipiga simu mbili akiwa amesimama pale pale. Simu ya pili akacheka, akatuambia tungoje.

Tulingoja hadi saa sita mchana. Muuza vitenge alitutafutia wali na maharage, na chai ya maziwa, akahamisha bidhaa zake ili tupate kivuli. Kisha bodaboda ikaingia stendi ikiwa na abiria mnene wa kanzu, magurudumu yetu manne yamening'inia mabegani mwake, mawili huku na mawili huku. Aliitwa Bwana Salehe, muuza vipuri vya baiskeli. Alishuka akatupa mikono yote miwili.

"Nisameheni ndugu zangu. Nilifungua mzigo dukani, nikaona gurudumu lina duara la pili ubavuni, na katikati halina meno ya kuvalisha mnyororo. Nikamuuliza fundi wangu, hii ni baiskeli ya nchi gani. Amekaa na gurudumu lenu mapajani saa nzima, anatafuta mnyororo unakaa wapi."

Mwalimu alilivisha gurudumu la kwanza, likalia tki, na mimi nikasikia kifua kinafunguka. Nilijipandisha kitini mwenyewe kutoka ule mkeka. Mkono mmoja chini, mwingine kwenye kiti, kichwa mbele, juu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa siliwezi jambo hilo. Vijana wa stendi waliokuwa wanakuja kunibeba walisimama njiani.

Basi la Geita lilikuwa limekwenda. Bwana Salehe hakukubali tulale pale. Shemeji yake, Juma, alikuwa anapeleka mchele Geita kwa lori, na mbele mlikuwa na nafasi ya watu wawili.

Kahama hadi Kakola

Ngazi ya lori iko juu kuliko kichwa changu nikiwa nimekaa. Wapakiaji walitaka kuninyanyua kwa makwapa kama gunia. Niliwaambia wasubiri, nikawapanga: mmoja mgongoni, mmoja magotini, na mimi nitashika nondo ya mlango nijivute. Walifuata. Nikaketi juu ya mto wangu, na Juma akaviweka viti juu ya mchele, akavifunga huku Mwalimu akimsimamia hadi akachoka.

Juma si msemaji. Tulikata kilomita nyingi akiwa ametuambia neno moja tu, "Mvua." Kweli kabla ya Kakola tukaikuta kazi yake. Basi dogo lilikuwa limezama mbele yetu, limekaa mshazari katikati ya barabara, na abiria wake wamesimama pembeni na viatu mikononi. Hakuna aliyeweza kupita.

Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipokuja, na nitausema wazi kwa sababu wengi mmeniuliza na mmeuliza kwa kuzunguka. Mimi sijui kibofu kikijaa. Kila baada ya saa nne natumia mpira mwembamba kutoa mkojo, na nikipitiliza, naumwa vibaya. Saa zangu nne zilikuwa zimekwisha, na kushoto na kulia ni uwanda mtupu, ng'ombe na wanaume.

Mwalimu alielewa bila kuambiwa. Alijifanya anatazama milima ya mbali, akamwambia Juma, "Kijana, waite wale akina mama."

Walikuja sita. Mkubwa wao, bibi mmoja mwembamba mwenye ndoo ya nyanya, alinisalimia kwa Kisukuma, nikamjibu, akapanda ngazi akanisogelea.

"Unaumwa nini, mwanangu? Unakwenda hospitali?"

"Siumwi, bibi. Nakwenda kucheza mpira. Ila sasa hivi nahitaji faragha."

Alinitazama kidogo. Neno la mpira aliliacha lipite, akashika la faragha. Wanaume waliambiwa wakasukume basi. Wale akina mama walifungua khanga zao, wakazizungusha mlangoni na dirishani, wakawa wananing'inia kwenye ngazi na kwenye bampa, huku wanaendelea na mazungumzo yao ya bei ya vitunguu. Nilinawa kwa maji ya chupa na sabuni yangu, nikafanya shughuli yangu. Nilipomaliza, nikawaambia tayari, machozi yakanitoka. Bibi aliyaona.

"Imeuma?"

"Hapana, bibi. Nimepumua tu."

Nilitoa michembe ya mama na karanga, tukala sote. Bibi alitafuna polepole upande wenye meno, ndipo akarudi kwenye lile neno aliloliacha.

"Huo mpira mnaupigaje na miguu hiyo?"

"Kwa mikono, bibi. Tunarusha kwenye kikapu kilicho juu."

"Wabeja," alisema, akimaanisha asante kwa michembe, au kwa maelezo, sijui. "Basi karushe."

Basi lilitoka matopeni saa kumi na moja. Tulifika Kakola jua linazama, na Juma akasema barabara hiyo gizani haiendi.

Kakola hadi Geita

Nyumba ya wageni aliyotupeleka ilikuwa na vyumba visafi na mlango wa bafu mwembamba kuliko kiti chochote duniani. Mwenye nyumba, Mama Ndila, aliupima mlango kwa macho, akakipima kiti, akaenda kuleta bisibisi. Aliung'oa mlango na fremu ya ndani, akatundika pazia. Nilipoomba radhi kwa usumbufu, akasema mlango huo alikuwa anautafutia sababu tangu zamani. Alitupikia ugali na sato wa kukaanga, na Mwalimu akafundisha mgawanyo mezani kwa kumkata samaki.

Kabla ya kulala nilichukua kioo changu kidogo nikajikagua. Palikuwa na wekundu kidogo upande wa kulia. Nililala kifudifudi, nikiogopa. Asubuhi nilitazama tena kabla ya kusali. Wekundu umekwisha. Nilimpigia mama.

"Umelalaje?"

"Vizuri, mayu. Nimejitazama. Pako safi."

Akasema Sayi amekunywa uji wote na anataka kujua kama nimeshashinda.

Njia ya kutoka Kakola ilikuwa imekauka kiasi. Tulipishana na pikipiki zimepakia mifuko ya mawe ya dhahabu, na wachimbaji wanaotembea na sululu begani wakatupungia, wakidhani sijui sisi ni akina nani kwa jinsi viti vyetu vilivyokaa juu ya lori. Saa tatu na nusu tukaingia Geita. Juma aliingiza lori lake lote la mchele hadi kando ya uwanja, akapiga honi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

Dada Minza alikuja akisukuma kiti chake kwa kasi. Nilidhani atanigombeza. Aliniegemezea kichwa begani, akakaa hivyo.

"Wenyeji walisema watangoja hadi saa sita," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kungoja."

Uwanjani

Wenyeji wengi walikuwa wachimbaji zamani. Mikono yao mnaijua. Walituvamia dakika za mwanzo, bomba kwa bomba, nikapinduliwa mara mbili, na mara mbili nikajiinua na kiti changu kabla mwamuzi hajafika. Mwalimu alibishana kuhusu idadi ya pointi na akawa sahihi. Kipindi cha tatu Minza alinipasia mpira nikiwa peke yangu chini ya kikapu, nikarusha, ukazunguka kwenye chuma, ukaingia. Tulifungwa ishirini na sita kwa ishirini na mbili. Mnisamehe, sikuhuzunika. Jasho lilikuwa linanitiririka machoni, mabega yanawaka, na tulikuwa watano.

Baada ya chakula nilishuka kitini nikajilaza ubavu kwenye mkeka, ngozi ipumzike. Mwanamke mmoja akaja akachuchumaa karibu yangu. Alijitambulisha kama mama Yohana. Alinionyesha bajaji iliyokuwa imesimama mbali, nyuma ya watazamaji.

"Mume wangu yumo. Jiwe lilimwangukia ndani ya duara, shimo la dhahabu, miezi minane sasa. Hatoki nyumbani. Leo nimemdanganya tunakwenda kliniki. Amewaona, hataki kushuka, ila hataki tuondoke pia."

Nilijipandisha kitini nikaenda. Mumewe aliitwa Masumbuko, mtu wa mwili mkubwa uliokonda, blanketi miguuni. Hakunisalimia.

"Unaisikia miguu yako?" aliniuliza.

"Siisikii."

"Na haja?"

"Nina mpira mwembamba wa mkojo, na ratiba. Nitamwelekeza mama Yohana, na wewe pia, leo hii."

Alivuta blanketi juu ya magoti, macho uwanjani.

"Daktari alisemaje kuhusu mgongo?" nikamuuliza.

"Alisema umeshaunga. Alisema nikae kwenye kiti, nitoke nje. Kiti kipo, nyuma ya mlango."

"Hiki changu kina mkanda. Ukikaa hakikumwagi."

Mwalimu alikuja, akamsalimia kama mtu aliyemfahamu miaka mingi, na wanaume wawili wakamshusha. Mimi nilirudi mkekani, wakamkalisha kwenye kiti changu. Mwalimu alimfunga mkanda, akakiachia kiti.

Mara ya kwanza Masumbuko alisukuma mkono mmoja tu, akazunguka pale pale. Mara ya pili alikwenda hatua chache akagonga kiti cha Mwalimu. Alitaka kuomba radhi, Mwalimu akamgonga na yeye. Kisha akashika magurudumu yote mawili, akauinamisha ule mwili wake mkubwa, akaenda hadi mwisho wa uwanja, akagusa nguzo ya kikapu kwa kiganja, akageuka. Akaenda tena. Akaenda tena.

Mama Yohana alikaa mkekani kando yangu. Alivua viatu, akanyoosha miguu, akafumba macho.

Pikapu ya kuturudisha Shinyanga ilikuwa imeshapakiwa viti vinne. Dereva akapiga honi. Minza akaniuliza kwa mbali kama aje kukichukua changu. Dereva akapiga honi ya pili.

Nikamwambia dereva azime gari.